Rais na Waziri Mkuu: tusihesabu vyeo, tuulize nani anaweza kumwondoa nani

Mwalimu wa Sokomuhogo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu nimeufungua kwa sababu ya vikombe vya kahawa.

Juzi baada ya Alasiri tulikuwa tumekaa kitako Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe hapa Unguja, na mzee mmoja ambaye sote tunamwita Ami alikuwa akitusomesha Serikali ya Muungano kwa vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Kilichojaa alikiweka mbele, akasema ndiye Rais. Chenye nusu akakiweka nyuma yake, ndiye Waziri Mkuu. Kitupu akakisukuma pembeni karibu na sahani ya kashata, na huyo, kwa maneno yake, ni Makamu wa Rais, asiyekuwa na kazi ila kungojea mwenzake asafiri. Kijana mmoja wa chuo akamwuliza kwa adabu: "Ami, kiti cha Rais kikibaki wazi, kipi kinasogea mbele?" Ami alikigusa kile cha nusu bila ya kusita, na walio wengi pale barazani wakamwitikia.

Mimi ninasomesha somo la uraia skuli ya sekondari, na nilistaajabu kwa kuwa jambo hili tumelishuhudia sote kwa macho yetu. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na siku mbili baadaye aliyeapishwa kushika nafasi yake alikuwa Makamu wake, Mama Samia Suluhu Hassan, mtoto wa Kusini Unguja. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa siku hiyo hakupanda wala hakushuka; aliendelea na kazi yake ile ile.

Nadhani tatizo letu ni kwamba tunawapanga viongozi kama wanafunzi wanavyopangwa mstarini kwa kimo, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Rais na Waziri Mkuu hawapangiki hivyo, maana kila mmoja ameingia kwa mlango wake na anaweza kutolewa kwa mlango wake. Ukitaka kujua uzito wa cheo katika nchi yoyote, liache jina la cheo, uulize ni nani anayeweza kumwambia mwenye cheo afungashe virago.

Nianze nyumbani. Ibara ya 33 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inamvisha Rais kofia tatu kwa pamoja: Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kofia hizo anavishwa na wapiga kura wenyewe. Waziri Mkuu hachaguliwi na nchi nzima. Anachaguliwa na watu wa jimbo lake kuwa mbunge, kisha Rais, ndani ya siku 14 tangu aingie madarakani, anamteua miongoni mwa wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi, na jina lake halina nguvu mpaka Bunge lilithibitishe kwa kura. Ibara ya 52 ndiyo inayomkabidhi kazi: kudhibiti na kusimamia utekelezaji wa shughuli za Serikali za siku hadi siku, na kuwa kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni.

Yatazameni vyema hayo maneno "siku hadi siku". Katika jahazi, nahodha ndiye anayeamua kama safari ni ya Lamu au ya Tanga, na serahangi ndiye anayehakikisha kamba zimekazwa, maji yamefutwa na mabaharia hawakulala. Waziri Mkuu wetu ni serahangi. Ndiyo maana mara nyingi mnamwona wilayani akiuliza kwa nini kituo cha afya hakijaezekwa, au bungeni akijibu maswali ya papo kwa hapo, mambo ambayo Rais halazimiki kuyafanya.

Katika kuondoka ndipo tofauti inapokuwa wazi kabisa. Waziri Mkuu ana mabwana wawili. Rais anaweza kumwondoa, na Bunge nalo, chini ya ibara ya 53A, linaweza kupitisha hoja ya kutokuwa na imani naye ikiungwa mkono na wabunge walio wengi. Kwa Rais mambo ni mazito zaidi: ibara ya 46A inataka tuhuma za aina maalumu, kamati ya uchunguzi, na mwisho theluthi mbili ya wabunge wote. Wenye umri wangu mnakumbuka Februari 2008, Edward Lowassa alipojiuzulu mbele ya Bunge kufuatia ripoti ya kamati teule juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Baraza zima la Mawaziri lilivunjika, Rais Jakaya Kikwete akamteua Mizengo Pinda na kuunda jengine, na kiti cha Rais mwenyewe hakikutikisika.

Sasa nendeni Uingereza, ambako jina la cheo ni lile lile lakini mtu ni mwengine kabisa. Kule hakuna Rais. Mfalme ni Mkuu wa Nchi, anasaini na kupokea mabalozi, na Waziri Mkuu ndiye nahodha. Ila kiti chake kimewekwa juu ya mabega ya wabunge, na mabega yakiondoka kiti kinaanguka. Mwaka 1979 James Callaghan aliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja tu ikaiondosha Serikali nzima na kuipeleka nchi katika uchaguzi. Mwaka 2022 Liz Truss alikaa siku 49, na hata kura ya Bunge haikuhitajika, kwani wabunge wa chama chake walimchoka kabla. Kwa upande mwengine, Waziri Mkuu wa namna hiyo ana jambo ambalo Rais wa Marekani hanalo: anaweza kuchagua siku ya uchaguzi. Rishi Sunak mwezi Mei 2024 alisimama nje ya ofisi yake mvua ikimnyeshea mpaka koti likarowa, akautangazia ulimwengu kwamba uchaguzi utakuwa tarehe 4 Julai. Rais wa Marekani hawezi kuisogeza siku ya uchaguzi hata kwa saa moja, wala hawezi kulivunja Bunge lake. Na Bunge nalo, ingawa limewahi kuwashitaki marais watatu, halijapata hata mara moja kumwondoa mmoja wao kwa njia hiyo.

Nawakaribisha mnikosoe, na hasa wazee mliosoma zamani.

Binti wa Wete

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Umeeleza vyema, ila umekwenda mpaka London ukaruka mfano uliolala mlangoni pako. Zanzibar imewahi kuwa na Waziri Mkuu wa namna ile ile ya Uingereza, naye alikuwa Mpemba.

Mohamed Shamte Hamadi ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu tulipopata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, Sultani Jamshid akiwa Mkuu wa Nchi. Wengi wanalitaja jina lake bila ya kujiuliza alifikaje pale. Katika uchaguzi wa Julai 1963 palikuwa na viti 31. Afro-Shirazi walipata 13, Hizbu (yaani chama cha ZNP) wakapata 12, na chama cha Shamte, ZPPP, kikapata 6. Maana yake ni kwamba Waziri Mkuu alitoka katika chama kidogo kuliko vyote vitatu, na Afro-Shirazi, waliokuwa wamepata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, wakakaa upinzani. Hesabu ilikuwa 12 na 6, jumla 18, basi.

Mfano huu unaonesha vizuri kuliko wa Callaghan kwamba Waziri Mkuu wa namna hiyo hazaliwi na wingi wa kura za wananchi, anazaliwa na wingi wa viti na maelewano ya vyama. Kama tungekuwa tunamchagua Rais kwa kura za moja kwa moja mwaka ule, kura zile zile zingetoa jibu jengine. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, kwani sababu zilikuwa nyingi na uzi huu si mahali pake. Nasema kwamba muundo wa cheo nao ulikuwa na sehemu yake, na hatuutaji.

Swali langu ni hili: je, Shamte alikuwa na nguvu kuliko mawaziri wakuu wa Tanzania waliomfuata, ingawa nchi yake ilikuwa ndogo?

Mwalimu wa Sokomuhogo

Bi Binti wa Wete, nimekosoleka na nimekubali. Kuhusu swali lako, jibu langu ni ndiyo, kwa maana ya cheo, na ninaye mtu wa kulithibitisha.

Mzee Rashidi Kawawa alikuwa Waziri Mkuu mara mbili. Mara ya kwanza ni Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika wiki chache tu baada ya uhuru ili akakijenge chama. Wakati huo Mkuu wa Nchi alikuwa Malkia wa Uingereza akiwakilishwa na Gavana Mkuu, kwa hiyo Kawawa alikuwa ndiye kiongozi halisi wa Serikali. Hapakuwa na mtu juu yake wa kumpangia sera. Tarehe 9 Disemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri, Nyerere akarudi akiwa Rais mtendaji, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa. Kiliporudishwa mwaka 1972, aliyepewa ni Kawawa yule yule, akakaa nacho hadi 1977. Mtu mmoja na jina moja la cheo, lakini kazi mbili zisizofanana hata kidogo, kwa sababu mara ya pili juu yake palikuwa na Rais anayemteua, anayemwongoza katika Baraza la Mawaziri na anayeweza kumwondoa.

Wanafunzi wangu wakishaufahamu mfano wa Kawawa, sina haja tena ya kuwachorea jaduweli ubaoni.

Abu Nassor

Sheikh Mwalimu, nimefuatilia kwa makini, lakini naona mmewasahau walio katikati. Ziko nchi zenye Rais mwenye nguvu na Waziri Mkuu mwenye nguvu kwa wakati mmoja, na huko ndiko kwenye mafunzo.

Ufaransa, chini ya Katiba ya mwaka 1958, Rais anachaguliwa na anamteua Waziri Mkuu, lakini Bunge lina uwezo wa kuiangusha Serikali. Maadamu Rais na wabunge wengi ni wa chama kimoja, Waziri Mkuu anakuwa serahangi kama wetu. Wakitofautiana, Rais analazimika kumteua mpinzani wake. Mwaka 1997 Jacques Chirac alilivunja Bunge mapema, akidhani atajiongezea wabunge, na badala yake wapinzani wakashinda. Kwa miaka mitano, hadi 2002, alikaa meza moja na Lionel Jospin aliyekuwa akiendesha mambo ya ndani ya nchi, naye Chirac akibaki zaidi na mambo ya nje na ulinzi. Hakuna kifungu kilichobadilishwa siku ile. Kilichobadilika ni viti bungeni, na Rais akapungua.

Wafaransa waliweza kuishi hivyo kwa kuwa desturi na mahakama zao zilihimili. Jirani zetu wa Uganda hawakuweza. Kabaka Mutesa II alikuwa Rais tangu 1963, cheo cha heshima, na Milton Obote akiwa Waziri Mkuu mwenye Serikali. Mwaka 1966 Obote aliisimamisha Katiba, akajitwalia urais, na Mei mwaka huo jeshi likaivamia Lubiri, kasri ya Kabaka, ambaye alikimbilia Uingereza na kufia huko mwaka 1969. Kenya nayo ilimrejesha Waziri Mkuu mwaka 2008, Raila Odinga, ili kuzima moto wa uchaguzi wa 2007, na Katiba ya 2010 ikakiacha cheo hicho kipotee baada ya uchaguzi uliofuata. Mimi binafsi naona fahali wawili katika zizi moja ni hatari kwa nchi changa, na afadhali yule mwenye nguvu ajulikane ni nani.

Binti wa Wete

Kaka Abu Nassor, mfano wa Uganda ni wa kweli lakini hautoshi kuhukumu. India ina Rais asiyetawala na Waziri Mkuu anayetawala tangu ilipokuwa Jamhuri mwaka 1950, na zizi lao halijavunjika. Mwaka 1999 Atal Bihari Vajpayee aliangushwa bungeni kwa kura 269 dhidi ya 270, akajiuzulu kwa utulivu, na katika uchaguzi wa mwaka ule ule akarudi. Rais wao hakuthubutu kudai kwamba nchi ni yake. Kinachovunja zizi ni pale fahali wawili wanapopewa malisho yale yale na mpaka hauonekani.

Mkaazi wa Chake

Naomba niwarejeshe Visiwani, maana sisi tumekuwa na cheo ambacho hakimo katika mifano yenu yote. Kuanzia mwaka 1983 hadi 2010 Zanzibar ilikuwa na Waziri Kiongozi. Wa kwanza alikuwa Ramadhan Haji Faki, akafuatiwa na Maalim Seif Sharif Hamad, Dk. Omar Ali Juma, Dk. Mohamed Gharib Bilal na Shamsi Vuai Nahodha. Aliteuliwa na Rais wa Zanzibar na alikuwa kiongozi wa shughuli za Serikali ndani ya Baraza la Wawakilishi. Jina lilichaguliwa kwa uangalifu, nadhani, ili asije akachanganywa na Waziri Mkuu wa Muungano.

Baada ya maridhiano ya vyama vya CCM na CUF, kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilipitishwa kwa takriban theluthi mbili ya kura, na marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 yakakiondoa cheo hicho na kuweka Makamu wawili wa Rais. Makamu wa Kwanza anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, na Makamu wa Pili anatoka chama cha Rais. Wakati ule, karani mmoja katika ofisi niliyokuwa nafanya kazi alikataa kunipokelea barua kwa sababu nilikuwa nimeiandika kwa "Mheshimiwa Waziri Kiongozi", akanirejesha nyumbani nikaichape upya. Niliporudi siku ya pili, bango la ofisi yao wenyewe lilikuwa bado halijabadilishwa.

Nauliza basi: Makamu wa Pili si Waziri Mkuu kwa jina jengine?

Mwalimu wa Sokomuhogo

Ndugu Mkaazi wa Chake, pole kwa barua. Kwa kazi zake barazani, ndiyo, amerithi sehemu kubwa ya meza ya Waziri Kiongozi, kwa kuwa yeye ndiye anayeongoza shughuli za Serikali mbele ya Wawakilishi. Aliye mgeni kabisa ni Makamu wa Kwanza. Chama chake kimepimwa na wapiga kura, na kwa hiyo Rais anayemteua hana uhuru wa kumtafuta anakotaka, wakati mwenzake anategemea imani ya Rais. Ukilipima kwa lile swali la virago, Makamu hawa wawili hawafanani kabisa, ingawa kwenye itifaki wanakaa jirani.

Mtu mmoja ameniandikia faraghani akiuliza kama Mzanzibari anaweza kuwa Waziri Mkuu wa Muungano. Ameshakuwa: Dk. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, alishika cheo hicho mwaka 1984 baada ya Edward Sokoine kufariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili, akakaa nacho hadi 1985. Ila ugumu wa kisiasa upo, kwani sehemu kubwa ya kazi za Waziri Mkuu ni mambo ya Tanzania Bara yasiyokuwa ya Muungano, na mbunge kutoka jimbo la Wete au la Makunduchi angekuwa anasimamia mikoa ambayo jimbo lake halimo.

Jana nilirudi Jaws Corner na nakala ya Katiba. Ami aliisoma mara mbili ibara ya 37, inayosema kwamba kiti cha Rais kikiwa wazi anayekishika ni Makamu wa Rais, miwani imemshuka puani, kisha akasema neno ambalo lilinifanya nione kwamba hakuwa amebahatisha. "Mwalimu, mimi nilijifunza haya enzi ya Mzee Mwinyi." Nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa na haki. Alhaj Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Muungano kutoka Zanzibar, utaratibu wa wakati ule ulitaka Makamu wa Kwanza atoke upande wa pili, na aliyekuwa Makamu wa Kwanza ni Waziri Mkuu mwenyewe: Joseph Warioba tangu 1985, kisha John Malecela tangu 1990. Vikombe viwili vilikuwa kimoja. Rais wa Zanzibar wa wakati huo alikuwa Makamu wa Pili. Marekebisho ya kumi na moja, ya mwaka 1994, ndiyo yaliyovitenganisha na kuleta mgombea mwenza, na wa kwanza kuingia kwa mlango huo mwaka 1995 alikuwa Dk. Omar Ali Juma, yule yule aliyekuwa Waziri Kiongozi wetu.

Ami akakijaza kile kikombe kitupu, akakisogeza nyuma ya Rais, na cha nusu akakirudisha hatua moja. Halafu akaomba kikombe cha nne. Anataka aoneshwe pa kumweka Rais wa Zanzibar, ambaye kwa ibara ya 54 ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano, baraza ambalo siku Rais na Makamu wake wote hawapo linaongozwa na Waziri Mkuu. Nilipoondoka Magharibi kilikuwa bado mkononi mwake.